Kwa Nini Mo Hakunyamaza

Everald Pinnock alinikubalia mahojiano kwa sharti moja tu: nisimtaje Maureen Tranter.

"Niulize habari za ska," aliniambia kwenye simu. "Niulize za marehemu baba na maspika yake, niulize za kiwanda. Lakini huyo mwanamke usimwingize nyumbani kwangu hata kwa jina. Tumeelewana, binti?"

Nilikuwa na miaka hamsini na kitu, lakini kwa Everald kila aliyezaliwa baada yake ni binti. Nikasema tumeelewana. Mtangazaji husema hivyo kwanza, mengine huyaona mbele ya safari.

Mimi ni Noreen Fallon. Nimezaliwa hapa hapa Coventry, Uingereza, baba yangu alikuwa dereva wa basi kutoka Mayo, na nina kipindi cha muziki kwenye redio yetu ndogo ya mtaa. Mwaka ule nilijipa kazi ya kuwahoji wakongwe wa muziki wa panki na ska wa mji huu kabla hawajatuishia. Nilishakaa na wapiga gitaa wenye nyonga za chuma, na wapiga ngoma waliokuwa viziwi hivi kwamba maswali yangu niliyauliza kwa kupiga kelele hadi majirani wakatoka nje. Walinisimulia, wakacheka, wakalia kidogo, wakanipa chai. Lakini kila kipindi kilipoisha, wasikilizaji walipiga simu kuuliza jambo lile lile: na Gaskets, je?

Gaskets walikuwa vijana weusi na weupe waliofahamiana kwenye viwanda vya magari, na jina lao walilitoa ndani ya injini. Everald alipuliza tromboni. Mo Tranter aliimba. Everald alikulia kwenye ska ya Wajamaika, kwenye nyumba ambayo spika za baba yake zilikuwa kubwa kuliko kabati. Mo alitokea kwa mapanki, nywele zimesimama kama upanga wa jogoo, pini sikioni, mdomo mchafu kama wa baharia. Waliposimama jukwaa moja, hasira ya huyu ikapanda juu ya mdundo wa yule, na mji mzima ukaruka. Mimi nilikuwa mtoto. Niliwasikia kupitia ukuta, kaka yangu akirudia santuri yao mpaka mama anagonga kwa mpini wa fagio. Halafu mwaka wa themanini na moja, katikati ya onyesho, mtu akamrushia Everald chupa ikampata mdomoni. Gaskets hawakupiga tena baada ya siku ile, na hakuna aliyewahi kueleza sawasawa kwa nini.

Everald alinipokea kwake Foleshill amevaa tai. Mkewe, Lorna, alikuwa amepika wali wa maharage kwa nazi, na alinipakulia kama mtu aliyetoka kufunga. Tulizungumza asubuhi nzima. Alinieleza jinsi baba yake alivyokataliwa kupanga vyumba mtaa mzima, akaishia kununua nyumba na kuigeuza ukumbi wa dansi kila Jumamosi. Alinieleza alivyoiona tromboni kwenye dirisha la duka la vitu vya rehani, akaipenda kwa sababu ilifanana na bomba la moshi la pikipiki. Kila jina alilolitaja alilitaja kwa furaha. Mimi nikawa mtiifu, sikumgusa Mo.

Mwenyewe ndiye aliyemleta.

"Unaliona hili?" alisema, akaweka kidole juu ya mdomo wake. Kovu lilipanda kutoka mdomo wa juu mpaka karibu na pua. "Chupa ilipasukia hapa. Daktari alisema mshipa umekatika, nitafute kazi nyingine. Sawa. Mtu aliyenirushia simjui, na chuki yake naijua, nimekua nayo. Hiyo nilishaitua. Lakini nimelala pale chini, damu inanijaa kooni, na ninamsikia yule anaimba! Hakukatisha hata mstari. Ninabebwa kama gunia la viazi, na yeye anaimba tu. Akamaliza wimbo, akauanza tena ule ule. Kama vile mimi ni kiti kilichoanguka."

"Ulimuuliza sababu?" nikasema polepole.

"Nimuulize nini? Chupa haikunipata masikioni."

Lorna alitoka jikoni, akasimama nyuma ya kiti cha mumewe, akamwekea mkono begani. Nikaona heri tubadili njia. Nikamuuliza ilikuwaje basi tromboni bado iko ukutani, tena inang'aa.

Uso ukamfunguka. "Huyu hapa akuambie," alisema.

"Alikuwa akipuliza inatoka sauti ya ng'ombe anayezaa," Lorna alisema. "Nikamwambia, mume wangu, nakupenda, lakini toka nje."

Akatoka. Kwa miaka, kila akirudi kutoka kazini kwake relini, Everald alikaa ndani ya gari mbele ya nyumba, vioo amevipandisha, akajifunza upya kama mtoto. Upande wa kulia wa mdomo ulikuwa umekufa, akahamia wa kushoto. Watoto wa mtaa walimcheka, kisha wakazoea, kisha wakaanza kumwambia leo afadhali kidogo, mzee. Siku sauti safi ilipotoka, alisema, alipiga honi mpaka jirani akadhani gari linaibwa.

"Sasa napiga kanisani," alisema. Akaishusha tromboni, akaiweka mdomoni imekaa upande kidogo, akapuliza wimbo mmoja wa kanisa. Nimesikia wapulizaji wengi maishani mwangu. Ile sauti ilinisimamisha vinyweleo.

"Na ska?" nikauliza.

"Ska niliiacha pale sakafuni," alisema, akairudisha tromboni ukutani.

Mo Tranter nilimkuta Bedworth, mji mdogo jirani, kwenye saluni yake. Msichana aliyewahi kutisha nusu ya Uingereza kwa nywele zake sasa alikuwa anawatengeneza nywele mabibi wa watu. Zake mwenyewe zilikuwa fupi, nyeupe, lakini viatu vilikuwa bado buti za panki zenye kamba ndefu. Chini ya mashine ya kukaushia alikaa bibi mmoja kizee, Winifred, kichwa kimejaa rola, anasoma gazeti.

"Kaa hapo, mpenzi," Mo aliniambia. "Nitaongea huku nakata. Nikisimama bila mkasi najiona uchi."

Alinichekesha sana. Alinisimulia gari lao bovu lililokuwa likisukumwa zaidi kuliko kuendeshwa, na jinsi siku moja walivyofika kwenye ukumbi wakakuta mwenye ukumbi alidhani Gaskets ni mafundi waliokuja kutengeneza jenereta. "Na tulilitengeneza!" alisema. "Ndipo tukapiga." Kila hadithi alimtaja Everald. Ev alisema hivi, Ev alifanya vile. Hakuwa na kinyongo hata chembe, na hilo lilinishangaza.

Nikapata ujasiri. "Mo, siku ya chupa. Kwa nini hukunyamaza?"

Mkasi ukasimama hewani. Nikamwambia akitaka nazima kinasa sauti.

"Acha kirekodi," alisema. "Nimechoka kulibeba peke yangu."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo badala ya kunitazama mimi.

"Wale vipara, wahuni wa kunyoa vichwa waliochukia weusi, walikuwa makundi mawili. Kundi dogo lilikuwa mbele, ndilo lililorusha chupa. Kundi kubwa lilikuwa mlango mkuu, wana minyororo na mikanda mkononi. Wewe ukiwa chini huoni. Mimi nilikuwa juu, niliwaona. Walikuwa wanangoja ukumbi uingiwe na hofu, watu wakimbilie mlangoni, wawapokee. Na walimtaka Ev. Chupa ilikuwa salamu tu. Dougie, mpiga besi, akanitazama, akaonyesha kwa kichwa mlango wa jikoni, nyuma ya jukwaa. Nikaelewa. Muziki ukinyamaza tu, watu wote wanageuka, vurugu inaanza, na Dougie hafiki jikoni na mtu begani. Basi nikaimba. Nikasogea upande wa pili wa jukwaa ili macho yanifuate. Kati ya mstari na mstari nikawatukana wale vipara matusi ambayo hata leo siwezi kuyasema mbele ya Winifred."

"Yaseme tu," ilisikika sauti kutoka chini ya mashine.

"Nyamaza, bibi. Wakanirushia kila walichokishika. Wimbo ukaisha, Dougie hajarudi. Nikaanza tena. Ukaisha, nikaanza tena. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini. Nilijikojolea, Noreen. Pale jukwaani, mbele ya watu wote, nimevaa suruali ya rangi ya maziwa. Na bado nikaimba, mpaka Dougie akachungulia kutoka jikoni akaninyooshea dole gumba. Hapo ndipo nikadondosha maiki nikakimbia."

Winifred alikuwa amejitoa kwenye mashine, rola zikimning'inia. "Miaka yote hii unanitengeneza nywele," alisema, "na hukuniambia?"

"Na Everald kwa nini hukumwambia?" nikauliza.

"Nilikwenda hospitali kesho yake. Mama yake alinisimamisha mlango wa wodi. Akaniuliza, 'Umemaliza kuimba?' Basi, hilo tu. Nikageuka nikaondoka. Nikaenda nyumbani kwao, pazia likafungwa. Nikasema nitamtuma Dougie, yeye atamsikiliza. Mwezi ule ule Dougie akafa na pikipiki yake. Shahidi wangu akaenda. Halafu kiburi kikaingia. Nikasema kama Ev anaweza kuamini hivyo juu yangu, na aamini."

Akainuka, akamrudisha Winifred chini ya mashine kwa mkono mpole. "Mpelekee asikie," aliniambia kwa sauti ndogo. "Atakufukuza. Lakini mpelekee."

Nilirudi Foleshill siku iliyofuata nikiwa nimekaza moyo. Everald alikuwa anaosha vyombo. Nikamwambia mlangoni kabisa, "Mzee Pinnock, nimevunja sharti lako. Nina sauti ya Mo hapa. Ukinitoa nitatoka, lakini kwanza nisikilize."

Aliendelea kuosha. Lorna ndiye aliyevuta kiti akasema, "Washa."

Nikawasha. Everald alinipa mgongo muda wote, anaosha sahani ile ile, anaizungusha, anaiosha. Sauti ya Mo ilipofika kwenye mlango wa jikoni, mikono yake ikatulia ndani ya maji.

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha. *Akaonyesha kwa kichwa mlango wa jikoni.*

"Rudisha tena."

Aligeuka, maji yanamchuruzika mpaka viwikoni. "Harufu ya mafuta ya chipsi," alisema. "Lorna, si nimekuwa nikikuambia? Kila nikiota siku ile, naota harufu ya mafuta ya chipsi. Nikadhani ni wazimu wa ndoto tu. Kumbe nilipitishwa jikoni." Akakaa. Mdomo wake wenye kovu ulitetemeka upande mmoja tu, ule ulio hai. "Alikuwa ananifunika. Yule mtoto alikuwa amesimama pale ananifunika."

Lorna akaingia chumbani, akarudi na viatu vya mumewe, akavitupa miguuni pake.

"Sasa unangoja nini, Everald? Vaa."

Tukaenda Bedworth kwa gari langu. Njia nzima alikuwa anajisemesha chini chini, anatikisa kichwa, anaanza sentensi na kuiacha. Nilidhani anapanga maneno makubwa. Tulipoingia saluni, Mo alikuwa anafagia. Alimwona kwenye kioo kwanza. Fagio likamponyoka.

Walitazamana kupitia kile kioo kama watu wanaoangalia picha.

"Umekuja kukatwa nywele?" Mo akauliza, sauti imemkauka.

Everald akavua kofia. Kichwa kiling'aa kama sinia. "Ukizipata, kata."

Mo akacheka, na katikati ya kicheko kile kilio kikamshika. Everald akamfikia, akamkumbatia na aproni yake yenye nywele za watu.

"Nisamehe, Mo."

"Acha ujinga."

"Hapana, nisamehe. Mama amekufa anakuchukia. Mimi ndiye niliyemwambia akuchukie."

"Mama yako alikuwa mama. Na wewe ulikuwa na uso umeshonwa." Akamsukuma kidogo amtazame vizuri. "Umezeeka vibaya, Ev."

"Na wewe umenenepa vizuri. Unaimba bado?"

"Bafuni."

"Mimi napiga kanisani."

"Najua," Mo alisema. "Krismasi moja nilisimama nje na mwavuli nikakusikiliza. Wenzako wanakupunguza kasi."

Everald akaangua kicheko ambacho Lorna baadaye aliniambia hajawahi kukisikia tangu aolewe naye. Na hapo, bila mtu kupendekeza, wakaanza kubishana: mpiga ngoma wao bado yuko Leicester, ana moyo unaoendeshwa kwa betri lakini mikono mizima, wapulizaji watatoka wapi, sauti ya Mo haifiki tena juu, washushe ufunguo wa nyimbo. Walibishana kama watu walioachana jana. Mimi nilishika kinasa sauti changu na sikuuliza hata swali moja. Mahojiano mazuri kuliko yote niliyowahi kufanya.

Ukumbi ule wa zamani siku hizi ni wa harusi za Wapunjabi, una mapazia ya dhahabu na taa zinazobadilika rangi. Mwenyewe, Bwana Sangha, aliwapa alasiri ya Jumamosi bila kusita. Dada yake mkubwa aliwahi kutoroka dirishani kwenda kuwaona Gaskets. Redio yetu ikatangaza. Tulidhani watakuja jamaa na marafiki.

Foleni ilizunguka jengo. Wanaume wa miaka sabini walikuja na kofia zao ndogo na suruali ambazo vifungo vyake vilikataa. Mapanki walitoa jaketi za ngozi kwenye masanduku, zinanuka dawa ya nondo. Walikuja na watoto wao na wajukuu wao. Waumini wa kanisa la Everald walikuja wamevaa kofia za Jumapili, kwa sababu wapiga tarumbeta wawili wa bendi mpya walikuwa kina mama wa kwaya. Winifred aliwekwa mbele kabisa kwenye kiti cha bwana harusi.

Nyuma ya jukwaa nilimkuta Mo ameegemea ukuta, uso mweupe.

"Miguu, Noreen," alisema. "Miguu imekataa. Naona tena minyororo pale mlangoni."

Everald alimsikia. Akaja, tromboni mkononi, akafungua pazia kidogo. "Hebu angalia mlangoni ni nani."

Mo akachungulia. Mlangoni walijaa watu wazima wa kila rangi, wanasukumana kwa utani, mmoja amembeba mjukuu mabegani.

"Hao ndio wenye ukumbi," Everald alisema. "Twende."

Wimbo wa kwanza uliwaka. Wa pili ulianguka. Mpiga ngoma aliingia mapema, kina mama wa tarumbeta wakamfuata yeye, Mo akasahau ubeti mzima, akasimama mdomo wazi. Nilishika kichwa. Lakini ukumbi ulikuwa unaujua ubeti ule kuliko yeye. Uliimba wote, mama wa kanisa na mzee wa panki, mpaka Mo akaukumbuka akaudakia katikati, na kelele zilizopanda pale zilitikisa mapazia ya Bwana Sangha.

Kisha wakapiga "Fungua Geti." Ndio wimbo wa siku ya chupa, wimbo wa wafanyakazi waliofika kiwandani asubuhi wakakuta minyororo kwenye geti. Everald hakuwahi kuupiga tangu siku ile. Mo aliimba beti mbili kwa sauti iliyokwaruza kama chuma kinachoburuzwa, na ilikuwa nzuri kuliko ile ya ujana wake, kwa sababu sasa iliyajua maneno yenyewe. Akafika pale tromboni ilipokuwa ikiingia zamani. Akageuka.

Everald aliiweka mdomoni, imekaa upande. Akafumba macho. Sauti ya kwanza ilitoka ndogo, ikipapasa. Ya pili ikasimama. Kisha akaifungulia. Ilitoka pana, ya shaba, yenye ukali na kicheko ndani yake, ikapita juu ya vichwa vyetu mpaka barabarani, na watu waliokuwa wanangoja basi wakaanza kuja. Alipiga mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Alipiga mbele ya umati ule wote kile alichojifunza ndani ya gari lililofungwa vioo. Nilimwona Lorna amepanda juu ya kiti, yeye aliyekuwa na magoti mabovu, anapiga mayowe kama msichana. Winifred alikuwa amesimama anacheza na fimbo yake, anamtishia nayo kila anayemwambia akae. Sakafu iliruka. Nasema kweli, sakafu ile iliruka, na mimi niliyekuwa mtoto nyuma ya ukuta nilikuwa katikati yake.

Walipomaliza, watu hawakupiga makofi tu, walipiga miguu chini na kuliita jina lake. "Ev! Ev! Ev!" Mo alimshika mkono akauinua juu kama mwamuzi wa ndondi. Mdomo wa Everald ulikuwa umevimba, na alikuwa analia waziwazi bila kujifuta.

Tulipotoka nje jua lilikuwa bado liko juu. Watu walijaa barabarani wamelowa jasho, hawataki kwenda nyumbani. Wapangaji wa tamasha la kiangazi la mji walikuwa wamekuja kimya kimya, na sasa walikuwa wanamtafuta Mo ili wampe jukwaa. Everald alikaa kwenye ngazi, kipande cha barafu kimefungwa kwenye leso, anajikanda mdomo. Nikamwinamia na kinasa sauti changu, nikamuuliza anajisikiaje.

Akaondoa barafu. "Mwambie yule mwanamke," alisema, "Jumanne tuna mazoezi. Ule wa pili tuliuvuruga."

"Nani aliuvuruga?" Mo alipaza sauti kutoka ndani ya umati.

"Wewe!" alisema Everald, akasimama kwenda kumjibu vizuri.